Wakala Anaposema Hana Pesa: Safari ya Noti Kutoka Voi Hadi Mbololo

Usiku mmoja huko Mraru, Mbololo, mke wa mteja wetu mmoja alizidiwa ghafla. Jirani alikuwa na gari la kumteremsha hadi hospitali ya rufaa ya Voi, ila alitaka pesa ya mafuta mkononi. Mzee akampigia binti yao aliye Mombasa, na binti akatuma shilingi 8,000 hapo hapo. Ujumbe ukaingia, salio likasoma vizuri. Kisha mzee akaanza kuzunguka.

Wakala wa kwanza alikuwa na shilingi 3,000 tu. Wa pili akatikisa kichwa kabla hata hajaulizwa. Wa tatu alikuwa ameshafunga. Mwishowe mwenye gari alikubali zile 3,000 taslimu na zingine kwa simu, na safari ikaanza ikiwa imechelewa kwa karibu saa nzima. Mama alipona, tunashukuru. Lakini mzee alipotupigia wiki iliyofuata, hakuwa na haja ya kusikia pole. Aliuliza hivi: "Pesa ilitoka Mombasa ikafika kwa simu yangu kwa dakika moja. Kutoka kwa simu yangu hadi mkononi ikachukua saa nzima. Hapo katikati kuna nini?"

Swali hili tunaulizwa sana, na kwa kawaida jibu letu huwa fupi mno: "Jaribu wakala mwingine." Leo tujibu vizuri. Hapo katikati kuna mnyororo mrefu wa watu, barabara, noti na makadirio, na wewe mteja uko ndani yake pengine kuliko unavyofikiri.

Bidhaa mbili kwenye droo moja

Wakala ni mfanyabiashara anayejitegemea. Hajaajiriwa na kampuni, na mtaji anaotumia ni wake mwenyewe. Mtaji huo anaugawa mara mbili: noti zilizo kwenye droo, na floti, yaani pesa iliyo kwenye simu ya kazi. Ukienda kutoa pesa, unampa floti naye anakupa noti. Ukienda kuweka, unampa noti naye anakupa floti. Jumla yake haibadiliki. Kinachobadilika ni upande ambao mtaji umelalia.

Tulikaa siku moja na mama mmoja anayefanya kazi hii Mbololo, duka dogo la unga, sabuni na kadi za simu, na kaunta ya pesa upande mmoja. Mtaji wake ni shilingi 80,000. Asubuhi alifungua na 40,000 za noti na 40,000 za floti, nusu kwa nusu. Kufikia saa nane mchana wateja walikuwa wametoa jumla ya shilingi 43,500 na kuweka 9,000. Piga hesabu: droo imebaki na 5,500, na simu ina 74,500. Mama hajapoteza hata shilingi moja. Ana 80,000 zake zote. Lakini anayefuata akitaka 6,000, jibu ni "hakuna", na atakayesikia jibu hilo ataondoka akidhani huyu mama hana mtaji.

Sehemu kama Mbololo huwa hivi siku nyingi za mwaka. Watoto wako Mombasa, Nairobi, Voi mjini, wengine kwenye mashamba ya mkonge. Pesa inatumwa juu mlimani. Kule mjini wanaweka, huku kijijini wanatoa. Kwa hiyo wakala wa mjini anajaa noti na kuishiwa floti, wa kijijini anajaa floti na kuishiwa noti. Wote wawili wana pesa na wote wawili wamekwama.

Dawa yake ni mtu wa kubadilisha: benki, au wakala mkuu anayenunua na kuuza floti kwa wenzake. Hao wako Voi. Kwa mama yetu hiyo ni safari ya kuteremka, foleni, na kupanda tena akiwa na noti mwilini. Nauli anaijua. Saa ambazo kaunta itakuwa imefungwa anazijua pia. Asichoweza kukadiria ni hatari: mtu anayeonekana kila wiki akitoka benki na kupanda bodaboda kurudi mlimani anaanza kujulikana. Na hii ni kaunti ambayo zaidi ya nusu ya eneo lake ni mbuga ya Tsavo, mahali ambapo mtu akichelewa jioni anafikiria wezi na tembo pamoja.

Hivyo anaahirisha. Anangoja droo ikauke kabisa ndipo ateremke, kwa sababu kila safari inakula kamisheni ya siku. Kwa upande wake hiyo ni akili nzuri. Kwa mzee wa Mraru ndiyo ile saa moja iliyopotea.

Sukari unaweza kuiweka ghalani

Mtu wa duka anaelewa ugavi wa sukari. Kiwanda, jumla, rejareja, nyumbani. Gunia likibaki leo litauzwa kesho. Huduma haiko hivyo. "Kutoa pesa" hakuwezi kutengenezwa Jumatatu kukawekwa kabatini hadi Ijumaa. Kunatokea pale tu wewe unapokuwa umesimama kwenye kaunta, simu mkononi, na noti ziko upande wa pili. Kitu kimoja kikikosekana, hakuna huduma.

Na kuna tofauti nyingine ambayo kwetu ndiyo kubwa zaidi. Kwenye sukari, mnunuzi yuko mwisho wa mnyororo. Kwenye huduma hii, mteja yuko mwisho na mwanzo. Zile 9,000 zilizowekwa asubuhi na wateja wawili zilikuwa ndizo noti alizopewa mwalimu aliyekuja saa tano. Bila hao wawili, mwalimu angeambiwa "hakuna". Mtu anayeweka pesa kwa wakala wa kijijini amemletea bidhaa, tena bila nauli na bila hatari ya njiani. Mama yetu alitwambia jambo hili kwa lugha yake: "Mteja anayeweka ni benki yangu iliyokuja na miguu."

Ukilikubali hilo, swali la kusimamia mnyororo huu linabadilika. Tulizoea kuuliza: tutapelekaje noti nyingi zaidi kutoka Voi hadi Mbololo? Swali zuri zaidi ni: noti zilizoko Mbololo tayari ziko wapi saa hii?

Ziko nyingi. Mwenye duka la jumla anazo kila jioni, na kesho yake atateremka nazo Voi kwenda kununua mali. Mwenye kinu anazo. Kondakta wa matatu anazo zikiwa zimekunjwa vidoleni. Kanisa linazo Jumapili mchana. Chama cha akina mama kinazo siku ya mkutano, mezani, zikihesabiwa mara tatu. Wote hawa wanabeba noti kuteremka mlima, huku wakala akibeba noti kupanda mlima huo huo. Wakipishana njiani hawajuani shida.

Mama yetu aliona hili kabla yetu. Alienda kwa jirani yake wa duka la jumla na kumwambia: badala ya kuteremka na noti, niwekee hapa jioni, mlipe muuzaji wako wa Voi kwa simu. Kuweka hakumgharimu mteja kitu. Kamisheni ya wakala inalipwa na kampuni. Mwenye duka hatembei tena na pesa mfukoni, na droo ya wakala inaamka asubuhi ikiwa imejaa. Safari zake za Voi zimepungua kutoka tatu kwa wiki hadi moja. Mwenye duka hulipa ada ya kumtumia muuzaji, lakini anasema ni chini ya hofu aliyokuwa nayo barabarani.

Desemba na Januari si mwezi mmoja

Kuna watu wanaodhani wakala anaishiwa kwa bahati mbaya. Sehemu kubwa haina bahati ndani yake, ina kalenda.

Desemba watu wanarudi nyumbani. Wanashuka stesheni ya treni ya Voi, iliyoanza kupokea abiria mwaka 2017, au kwenye mabasi ya barabara kuu, na wengi hawabebi noti. Wameziweka huko walikotoka, watazitoa wakifika. Ujanja huu ni wa zamani kuliko huduma yenyewe. M-Pesa ilipojaribiwa kwa mara ya kwanza mwaka 2005, lengo lilikuwa kulipa mikopo midogo ya taasisi ya Faulu. Waliokuwa kwenye jaribio hilo wakajigundulia matumizi yao: kutumiana pesa, na kuweka pesa kabla ya safari ili waitoe upande wa pili bila kuibiwa. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, ilizinduliwa kama ya kutuma pesa. Wateja ndio walioichora.

Lakini fikiria ujanja huo ukifanywa na kijiji kizima kwa wiki moja. Kila anayefika anataka noti: ya mbuzi, ya harusi, ya mazishi, ya kumpa nyanya mkononi. Droo zinakauka kuanzia tarehe 20 hivi.

Januari mambo yanageuka kichwa chini. Wazazi wameuza mahindi, ndizi, kuku, wana noti, na ada ya shule inalipwa kwa nambari ya malipo ya shule. Wote wanakuja kuweka. Sasa wakala anaishiwa floti. "Mtandao uko chini" mara nyingi ndio unaosingiziwa siku hizo, na tunaomba mawakala wetu waache kusema hivyo. Sema ukweli: floti imeisha, rudi saa fulani. Mteja akijua saa atarudi. Asipojua atakaa akikulaani.

Wakala anayejua kalenda anaanza Desemba akiwa na noti nyingi kuliko floti na kufikia wiki ya kufungua shule amegeuza. Anaandika. Mama yetu ana daftari la kurasa 48, la mtoto, lenye safu tatu tu: tarehe, walioweka, waliotoa. Ana miaka miwili humo. Hakuna kompyuta ya kampuni yoyote, pamoja na yetu, inayoijua Mbololo kama daftari lile. Anajua Ijumaa ya mwisho wa mwezi walimu watakuja. Anajua siku ya soko asubuhi ni kutoa, jioni ni kuweka.

Pale tulipokosea

Kwa muda mrefu tulipima huduma kwa idadi ya mawakala. Sehemu ikiwa na malalamiko, tuliongeza wakala. Inaonekana ni jambo la maana, sivyo? Lakini chukua shilingi 100,000 za noti. Zikiwa kwenye droo moja, anayetaka 30,000 ya gharama za mazishi atazipata na wengine watabaki na zao. Zigawe kwenye droo tano za 20,000 kila moja, na mtu huyo ataambiwa "hakuna" mara tano, mlima ukiwa na laki nzima. Tena wakala aliyekuwa na wateja 60 sasa ana 20, kamisheni imeshuka, na safari ya Voi ambayo ilikuwa inalipa haimlipi tena. Tuliongeza milango tukapunguza pesa nyuma ya mlango. Mabango yakawa mengi.

Siku hizi tunapendelea mawakala wachache wenye mtaji wa kutosha sehemu za mlimani, na mmoja wao awe mkubwa kidogo ili wenzake wabadilishe kwake bila kuteremka Voi. Wengine kwenye kampuni yetu hawajakubaliana na hili, na wana hoja: mteja wa mbali asilazimishwe kutembea. Mjadala unaendelea.

Sheria nayo ilibadilisha droo. Julai 2014, Mamlaka ya Ushindani Kenya iliielekeza Safaricom iache kuwafunga mawakala wake kwa mtandao mmoja, na tangu hapo wakala mmoja anaweza kuhudumia M-Pesa, Airtel Money na wengine. Kwa upande wa noti hii ilikuwa baraka, maana noti ni noti, droo moja inahudumia wote. Kwa upande wa floti ikawa kinyume: kila mtandao una floti yake, na ya huyu haiwezi kumsaidia yule. Kutuma moja kwa moja kati ya mitandao kulianza Aprili 2018, jambo lililopunguza taabu ya mteja, lakini mtaji wa wakala ulibaki umekatwa vipande. Kwa hiyo ukisikia "floti ya mtandao huo sina, ya ule ninayo", anakwambia ukweli.

Kabla hujabonyeza

Sasa upande wako. Uliza kwanza. "Mama, una elfu nane?" Swali hili lije kabla hujaingiza nambari ya siri, kamwe si baada. Ukishabonyeza, pesa imetoka kwako imeingia kwa wakala, na kama hana noti umebaki na ahadi. Akikwambia "toa tu, nitakupa jioni", kataa kwa heshima, hata kama mnasali pamoja. Kama ulishabonyeza na noti hazikutosha, usiondoke kaunta. Mwambie akurudishie kwa kuweka kiasi kilichobaki, hapo hapo, na usubiri ujumbe. Ikishindikana piga simu huduma kwa wateja ukiwa bado dukani, na usifute ule ujumbe. Na usimwachie mtu simu yako na nambari ya siri "akutolee droo ikijaa". Tumeona hilo likifanywa kwa nia njema, na tumeona likiishia vibaya.

Kugawa kiasi kuna gharama. Ada hupangwa kwa ngazi. Kwa viwango vya M-Pesa vilivyoanza Julai 2023, kutoa 15,000 kwa mkupuo mmoja ni shilingi 167. Ukitoa 5,000 mara tatu kwa sababu kila wakala ana kidogo, unalipa 69 mara tatu, yaani 207. Shilingi 40 si nyingi, ila umelipa adhabu ya droo iliyokauka, na hukuikausha wewe.

Kwa hiyo toa taarifa. Ukijua Ijumaa utahitaji kiasi kikubwa, mwambie wakala Jumatano. Mwambie yeye peke yake, si mbele ya kaunta iliyojaa watu. Siku mbili zinamtosha kukusanya noti humo humo kijijini. Na ukiwa na noti usizozihitaji leo, ziweke kwake kabla hujateremka nazo mjini.

Njia nyingine ni kutotoa kabisa. Machi 2020, wakati wa korona, Benki Kuu ya Kenya ilitangaza kwamba kutuma hadi shilingi 1,000 kusitozwe ada, na hatua hiyo ikadumu hadi mwisho wa mwaka. Kwenye miezi hiyo ndipo wengi walipoanza kulipa nyanya, maziwa na bodaboda kwa simu, hata mahali ambapo ingeonekana kichekesho mwaka mmoja kabla. Kila malipo ya hivyo ni noti moja iliyobaki kwenye droo kwa mtu ambaye kweli hana njia nyingine. Usiku wa mzee wa Mraru, kilichosukuma gari ni zile 5,000 zilizopita kwa simu.

Tulimrudia mzee na majibu haya. Alisikiliza, akauliza maswali mengi kuhusu ada, kisha akasema yeye ameshaenda kwa mama wa daftari na kumpa nambari yake. Mwenye gari naye amechukua nambari ya malipo na kuibandika kwenye dashibodi, na siku hizi anajaza tangi jioni badala ya kungoja mteja alete pesa ya mafuta. Tulipopita dukani wiki hiyo, mama alikuwa amefungua ukurasa mpya mwishoni mwa daftari, mbali na safu zake tatu. Kulikuwa na mistari minne: mwalimu, 12,000, Ijumaa asubuhi; chama, wataweka Jumamosi baada ya mkutano; harusi, 30,000, mwisho wa mwezi; na wa mwisho, bila tarehe, elfu tano za kukaa pembeni, za usiku.